Ng'ombe Aliyepona Ndigana

Ndama walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine katika zizi la mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia: homa kali, matezi ya chini ya masikio yamevimba, mwishoni povu puani. Nilichoma tezi kwa sindano, nikapaka majimaji yake kwenye kioo, na hadubini ikanionyesha kimelea Theileria parva ndani ya chembe nyeupe za damu. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haina ubishi. Lakini kupe waliutoa wapi ugonjwa, na ng'ombe wakubwa wote wanacheua kwa raha zao?

Kupe jike harithishi vimelea hivi kupitia mayai. Kupe mchanga lazima avinyonye kwenye damu ya mnyama, ajivue gamba, ndipo amwambukize mwingine. Kwa hiyo humo zizini palikuwa na ng'ombe anayewapa.

Mzee alinionyesha jike mmoja mwekundu, manyoya yanameta. "Huyu usijisumbue naye, daktari. Aliugua akiwa mtamba, akapona, hajaumwa tena."

Nikaanza naye huyo huyo. Aliyepona ndigana mara nyingi hubaki na vimelea ndani ya chembe nyekundu, vichache mno. Nilipaka damu yake rangi ya Giemsa, nikaipekua kwa lenzi ya mafuta hadi macho yakauma. Safi kabisa. Vimelea vikiwa haba kiasi hicho, kioo safi hakimwachii ng'ombe huru, na nasikitika kwamba mara nyingi uchunguzi huishia hapo.

Damu ikaenda kwenye kipimo cha PCR, ambacho hurudufisha kipande cha vinasaba vya kimelea mamilioni ya mara hadi kionekane. Tulitafuta p104, jeni ya kimelea hicho. Kwenye jeli mstari wake ulijitokeza, sambamba na ule wa damu tuliyojua ina ugonjwa. Safu ya maji matupu, tuliyoiweka kuhakikisha kipimo hakidanganyi, haikuwa na kitu.

"Basi nimchinje?" mzee aliuliza, na sauti yake iliniuma.

"Hapana, mzee. Yeye ana kinga tayari, na huenda wenzake waliopona wako vivyo hivyo. Tupambane na kupe."

Kupe wa ndigana hupenda masikio, tukaanzia huko. Ndama walitengwa na malisho ya wakubwa wakapakwa dawa masikioni, na kila zamu ya kuogesha mzee alimtanguliza jike wake mwekundu, akimkagua masikio mwenyewe hadi ndani.