Nilivyotumia kadi ya bima kumuuguza mama mwenye dimensia

Mama alipoanza kupotea njia ya kwenda kisimani, njia aliyoipita tangu alipoolewa Bahi, ukoo mzima uligeuka kuwa madaktari. Mjomba alisema huo ni uzee, na uzee hautibiwi. Shangazi alikuwa amekwisha kupata mganga. Kaka yangu mmoja, ambaye mpaka leo hajanunua hata pampasi moja, alipiga simu kutoka mbali kutuarifu kwamba bima ya serikali haigusi magonjwa ya wazee, hivyo tuuze ng'ombe. Ng'ombe bado wako zizini, mama ana kliniki yake, na nimechoka kusikia ushauri ule ule ukigawiwa kwa watu wengine hapa Dodoma.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba gharama za dimensia, ugonjwa huu wa kusahau, ni za aina mbili, na bima inahusika na aina moja tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hulipia yale yanayofanyika hospitalini: kumwona daktari, vipimo, kulazwa, na dawa zilizomo katika orodha yake. Haumlipi mtu wa kushinda na mgonjwa nyumbani, haununui pampasi, na hauna habari na komeo la mlango wa uani. Anayetarajia kadi imlipie vyote hukata tamaa na kuiweka kabatini hata pale ambapo ingemfaa. Mimi niliamua kwamba kila gharama ya hospitali itabebwa na kadi, ili fedha taslimu za familia zibaki kwa ajili ya mlezi.

Mwanzoni mama alikuwa na kitambulisho cha wazee cha matibabu bila malipo, msamaha ambao Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwawekea wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Sikidharau, lakini katika zahanati tuliyokuwa tukienda kilimpatia mama heshima ya kutangulia kwenye foleni, kisha karatasi ya kwenda kununua dawa dukani. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, wakati huo ya Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ilikuwa nafuu kubwa kwa mkulima, ila mimi ni mwalimu, na kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu ilikuwa ikikatwa kwenda Mfuko wa Taifa, huku mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine, na mama hakuwamo.

Hakuwamo kwa sababu nafasi zilikuwa zimejaa. Mwanachama huandikisha mwenzi wake na wategemezi wanne, na wazazi wanaruhusiwa kuwa miongoni mwa hao wanne, lakini mimi nina watoto wanne. Nililitafakari jambo hili hata darasani, mpaka nilipokumbuka kwamba mtoto wetu wa kwanza alikuwa amepata chuo, na wanafunzi wa vyuo walikuwa na bima yao ya Sh 50,400 kwa mwaka. Nikamlipia hiyo, nikamwondoa katika kadi yangu, nikamwingiza bibi yake. Mke wangu aliniuliza ni nani aliyenifundisha ujanja huo, na sikuona sababu ya kuficha kwamba niliubuni mwenyewe.

Kisha likaja suala la jina. Katika cheti changu cha kuzaliwa mama yangu ana jina la Kigogo, na katika kitambulisho cha taifa ana jina la ubatizo, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi nilikuwa mtoto wa mwanamke mwingine. Kijana mmoja mwenye duka la kutoa fotokopi aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba angenipatia cheti kipya kwa themanini elfu, na kwamba wengi hufanya hivyo. Nilimshukuru, nikaenda kwa wakili, mama akaapa kwamba majina yote mawili ni yake. Hati ya kiapo ilinigharimu ishirini na kitu elfu, na haijanikosesha usingizi. Anayeuguza mzazi na alishughulikie suala hili mapema, wakati mzazi bado anaweza kusema yeye ni nani mbele ya wakili.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuwa daktari wa kwanza. Mama, ambaye usiku wa jana yake alikuwa ametoka saa nane na jembe begani akisema mvua imenyesha na uwele utachelewa kupandwa, tena ilikuwa Agosti, mwezi ambao Dodoma haina ila vumbi, aliingia katika chumba cha daktari akiwa amefunga kilemba chake kizuri, akaitikia salamu, akauliza habari za watoto wa daktari, akacheka. Daktari akaandika “uzee”, akatupa vitamini. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari la mistari na kulifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, ili kila mtu wa nyumba aandike tarehe, saa, na alichokiona: mama ameweka chumvi katika chai ya watu wote; mama amemwita mjukuu kwa jina la marehemu dada yake; mama ameficha funguo ndani ya debe la unga kisha akamshitaki jirani kwa wizi. Tuliporudi hospitalini nililiweka daftari mbele ya daktari mwingine kabla mama hajapata nafasi ya kuwa mchangamfu. Alisoma kurasa kadhaa kimya, akaanza kumuuliza mama ni mwezi gani huu. Mama alimjibu kwamba daktari mzima anapaswa kuujua mwezi bila kuulizia wagonjwa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa rufaa, na rufaa yetu iliishia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hapo ukoo ulilipuka tena, maana kwa watu wengi wa Dodoma jina hilo ni la kutaniana tu. Nilikwenda bila kuomba ridhaa ya kikao. Walipima damu ili kuondoa sababu za kusahau zinazoweza kutibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo na kaswende, na tukatumwa kufanya CT scan Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hivyo vyote vilipita kwa kadi. Daktari alieleza kwamba presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo ya damu ya ubongo, kwamba yaliyopotea hayatarudi, lakini presha ikidhibitiwa kasi inaweza kupungua. Basi nikaomba kliniki ya presha na ya akili ziangukie siku moja, kwa kuwa bima hailipi nauli ya kutoka Bahi.

Mlezi ni mama mtu mzima, mjane, tunayemlipa laki moja na kitu kwa mwezi pamoja na chakula. Fedha hiyo hutoka kwa ndugu wanaochangia kwa simu kila mwisho wa mwezi, na risiti zote naziweka wazi katika kundi la familia, njia ambayo imewatoa fedha hata wale ambao maneno hayakuwatoa. Kuna aliyependekeza tumpeleke makazi ya wazee ya Sukamahela kule Manyoni. Nilimweleza kwamba makazi hayo serikali imewawekea wazee wasio na mtu wa kuwatunza, na kwamba afisa ustawi wa jamii angetucheka akituona tumekwenda ndugu wote kwa pamoja kueleza kuwa mama hana ndugu.

Kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko hulipia, kilipoanza Machi 2024 nilikwenda na orodha ya dawa zake mkononi kuuliza moja baada ya nyingine, na nashauri hivyo kila kanuni zinapobadilika, kwani habari za vijiweni kuhusu bima huwa zimechelewa au zimepotoshwa. Mwanangu wa kwanza naye anakaribia kumaliza chuo na ameanza kuulizia nafasi yake katika kadi. Nimemwambia atafute ajira yenye bima, kwa sababu nafasi ya bibi yake sitairudisha.