Barabara Moja na Kipchoge

Nilichagua Berlin kwa sababu ya Tegla Loroupe, mkimbiaji wa Kenya. Wenzangu wa mazoezi walinitajia miji mingine ambayo mtu anaweza kufunga safari ya mwisho wa wiki akakimbia marathoni na kurudi kazini, na yote ilikuwa mizuri, lakini mimi tangu shuleni nilikuwa na mji mmoja tu kichwani. Tarehe 26 Septemba 1999 Tegla alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2:20:43, akaivunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka mwenyewe Rotterdam mwaka uliotangulia. Aliipunguza kwa sekunde nne. Nilisikia kwenye redio, na sekunde zile nne zikanikaa kuliko ushindi wenyewe. Mtu akimbie kilomita 42 na ushei, halafu tofauti yote iwe pumzi mbili!

Basi mwaka 2022 jina langu lilipotoka kwenye bahati nasibu ya washiriki, nikamwambia wifi yangu tusafiri pamoja. Wifi hakimbii. Alikuja kuuona mji na, kwa maneno yake, kunisimamia. Tulifika Ijumaa, na mbio zilikuwa Jumapili. Hapo katikati ndipo penye ugumu wa safari za namna hii: mji mzima unakuita, na miguu unaitunzia kesho kutwa. Wifi alikuwa na orodha ndefu ya makumbusho. Tukakubaliana azunguke yeye, mimi nikachukue namba yangu nirudi kulala, mji nitauona nikikimbia.

Wala sikujiona nimejinyima. Njia ya mbio za Berlin ni mzunguko mmoja unaopita mashariki na magharibi ya mji, njia ambayo kuanzia 1961 hadi 1989 ungeikuta imezibwa na Ukuta wa Berlin uliougawa mji. Marathoni hii ilianzia msituni Grunewald mwaka 1974, ikahamia katikati ya mji mwaka 1981, lakini ikabaki upande wa magharibi. Tarehe 30 Septemba 1990, siku tatu kabla ya Ujerumani mbili kuungana, ndipo wakimbiaji walipopita chini ya Lango la Brandenburg kwa mara ya kwanza. Mimi naamini hakuna sherehe ya muungano iliyokuwa ya kweli kuliko ile, maana watu walivuka kwa miguu yao wenyewe, wakihema.

Namba zilitolewa Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008, uleule uliopokea ndege za chakula na makaa ya mawe Wasovieti walipozifunga njia za kuingia Berlin Magharibi mwaka 1948. Binti wa kujitolea alinifunga utepe wa kitambaa mkononi, akanionyesha kwa ishara kwamba siruhusiwi kuuvua mpaka Jumapili. Nilioga nao, nikalala nao.

Jumamosi alasiri wifi alinitoa chumbani kwa nguvu. Siku hiyo wa viatu vya magurudumu nao wana marathoni yao kwenye njia hiyohiyo, na alikuwa ameshajua tutasimama wapi. Kabla hawajapita, nikamwonyesha mstari wa buluu uliopakwa barabarani. Huo ndio unaofuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kupita, kona kwa kona, maana umbali wa marathoni hupimwa hivyo. Wifi akainama, akaupitishia kidole, akakitazama kama rangi imebaki.

"Kwa hiyo wifi, kesho Kipchoge wa rekodi ya dunia atapita hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaweka mguu wake juu ya mstari, akaniomba nimpige picha ya kiatu.

Swali lile la wifi ndilo lililonifanya nisilale vizuri, wala si woga. Mpenzi wa kandanda anaweza kuishabikia timu yake maisha yake yote na asikanyage nyasi zake siku ya fainali. Mpiga ngumi wa mtaani hapandi ulingo mmoja na bingwa wa dunia. Marathoni peke yake ndiyo inayomwambia mtu wa kawaida: njoo asubuhi hii, barabara hii, umbali huu, na saa itakuhesabia kama inavyomhesabia Kipchoge.

Jumapili, tarehe 25 Septemba, kulikuwa na baridi ya kupendeza na hakuna upepo wa kutisha. Wa mbele waliondoka saa tatu na robo. Sisi wa makundi ya nyuma tulibaki kwenye barabara ya Straße des 17. Juni, katikati ya miti ya Tiergarten, tukirukaruka ili miili isipoe. Zamu yetu ilipofika, umati ukajigawa kuizunguka nguzo ya Siegessäule, wengine kushoto, wengine kulia, tukakutana tena mbele.

Kilomita za mwanzo sina mengi ya kuzisimulia. Nilijizuia, basi. Tulipita karibu na stesheni kuu na jengo la Bunge, watu wamejaa kando, kengele, ngoma, majina yanaitwa kwa lafudhi za kila aina.

Kilichonitokea Strausberger Platz ndicho ninachotaka kukisimulia. Ni mzunguko wa barabara wenye chemchemi kubwa katikati, upande wa mashariki, umezungukwa na majengo marefu ya enzi za ukomunisti. Palikuwa na mzee mwenye koti la mvua la kijani, amenyanyua kipande cha boksi kwa mikono miwili. Maandishi hayakuwa ya kututia moyo. Zilikuwa tarakimu tu, za kalamu nene, ya mwisho ikiwa bado inang'aa wino: 2:01:09.

Nilizisoma, zikapita machoni, halafu ndipo akili ikazifikia. Rekodi ilikuwa 2:01:39, ya Kipchoge mwenyewe, aliyoiweka hapahapa Berlin mwaka 2018. Sekunde thelathini! Jamaa aliyekuwa kando yangu, sijui wa nchi gani, alinitazama akaninyooshea kidole boksi lile kana kwamba anataka shahidi. Nikamwitikia kwa kichwa. Akapiga ukelele, nami nikapiga, na waliokuwa nyuma yetu wakapokea bila hata kujua ni la nini. Yule mzee alikuwa akilia na kucheka. Kipchoge, mtu wa miaka 37, alikuwa amepita pale akiwa njiani kukata nusu ya kwanza kwa dakika 59 na sekunde 51, na wakati mimi bado natafuta mwendo wangu yeye alikuwa ameshamaliza. Lami ilikuwa moja. Mstari wa buluu ulikuwa chini ya mguu wangu wa kushoto.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba Tigist Assefa wa Ethiopia naye alishinda upande wa wanawake kwa 2:15:37, yeye ambaye kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikimbia mita 800. Ningelijua hilo njiani lingenisaidia sana huko mbele.

Maana huko mbele kulikuwa na kazi. Vikombe vya plastiki kwenye vituo vya maji vimetapakaa hadi barabara inalia kwa kila hatua, na sakafu inateleza, inabidi ukunje vidole vya miguu ndani ya kiatu. Wilder Eber, kilomita ya 28, kelele zilikuwa nyingi mno hata sikusikia pumzi zangu, na hiyo ikawa nafuu. Kuanzia Kurfürstendamm mapaja yakakaza. Barabara ile ya maduka makubwa naikumbuka kama ukuta wa vioo tu. Nilikuwa nahesabu nguzo za taa. Potsdamer Platz, kilomita ya 38, nikasikia "Wifiii!" Kati ya sauti zote zile nikajua hiyo inaniita mimi. Alikuwa amepanda juu ya kitu, skafu yake mkononi anaipunga. Hakusema jingine, na sikuhitaji jingine.

Anayeliona Lango la Brandenburg kutoka Unter den Linden hudhani amefika. Bado. Utepe uko mita mia kadhaa ng'ambo, na ni katika kipande hichi ambapo Wakenya Paul Tergat na Sammy Korir walimalizia mwaka 2003, Tergat kwa 2:04:55, Korir kwa 2:04:56. Nilikuwa nimejiahidi kutembea taratibu chini ya lango ili nilitazame vizuri. Sikutembea. Nilimfikiria Korir na sekunde yake moja, nikatoa kila kilichobaki, machozi yananitoka waziwazi, na mwanamke mwenye umri wa mama yangu akanipita mkono wa kulia akinipungia.

Jioni, wifi aliketi kitandani na simu, miguu yangu iko mapajani mwake. Matokeo yalikuwa yametoka. Alianza juu kabisa, penye jina la Kipchoge, akawa anashusha kwa kidole badala ya kuandika jina langu kwenye sehemu ya kutafutia. Nikamwambia, wifi, utakesha. Akasema hataki kuruka mtu. Alipochoka ndipo akaliandika, likaja na namba yake, na saa zangu nne na dakika zake zikiwa zimeandikwa hadi sekunde, kwa mtindo uleule wa herufi. Akampigia kaka yake, ambaye ni mume wangu, akamsomea mistari miwili: wa kwanza wa Kipchoge, wa pili wangu, bila kutaja walio katikati.