Mlete mzee tuongee

Nilitakiwa niwe nimelala, kesho naingia zamu ya asubuhi. Lakini tangu Jumanne kuna kauli inanizunguka kichwani, na najua nisipoiandika hapa nitafika nayo wodini.

Habari ya gari mnaijua. Mkopo wa SACCOS mnaujua, na jinsi lilivyoanza kugonga kabla sijamaliza hata marejesho ya kwanza niliwaandikia. Sitarudia. Nataka kuandika ya Jumanne tu.

Nilitoka zamu ya usiku nikapitiliza hadi yadi waliyoniuzia gari, na kwa bahati mwenye yadi alikuwepo, hakusingizia simu. Nikakaa, nikamweleza taratibu, kwa adabu, kwa sababu Baba alinifundisha tangu mdogo kwamba muuzaji ukimfokea umempa sababu ya kukufukuza. Nilimwambia hivi, neno kwa neno:

"Kaka, gari likiwa la baridi halina shida. Likishapata moto, kama nusu saa hivi kwenye foleni, ukitoa N kuweka D linachelewa kushika, halafu linagonga. Kwenye mlima mshale wa RPM unapanda, mwendo haupandi. Fundi amelipima kwa mashine, anasema gia boksi inateleza, na oili aliyoikuta ndani siyo ya gia boksi ya aina hii."

Kwa wasioendesha: N ni gia huru, D ni ya kwenda mbele, na RPM ni kasi ya injini kuzunguka. Muda wote alikuwa anatazama mlangoni, nyuma ya bega langu. Nilipomaliza akauliza:

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumbani, shemeji yangu. Mlete mzee tuongee. Haya mambo ya gari ukieleza nusunusu hivi hatutaelewana."

"Gari nimenunua mimi."

"Najua, dada angu. We mlete tu mzee."

Akainuka, akaenda kumpokea mteja aliyekuwa anazunguka gari jeusi pale nje. Mimi nikabaki kwenye kiti na yule kijana wa kuandika risiti, ambaye aliinamisha macho kwenye kitabu chake kama vile kuna kitu anakihesabu.

Nusunusu. Nimeirudia ile habari niliyompa mara nyingi, barabarani, jikoni, nikiwa natoboa mshipa wa mgonjwa. Nilisahau nini? Nimesema likiwa la baridi linakuwaje na likiwa la moto linakuwaje, nimesema ya mlima, nimesema ya fundi. Fundi mwenyewe nilipompa maelezo hayohayo alifungua boneti bila kuniuliza swali la pili. Basi nusu ambayo haikuwepo ni ipi, kama siyo mwanamume wa kuyasema?

Na siku ya kulipa hakuuliza mzee yuko wapi. Nilikaa kwenye kiti kilekile, nikahamisha milioni kumi na tatu na nusu mbele ya macho yake, nikasaini mkataba wa mauziano peke yangu, akaniletea soda. Siku ile maneno yangu yalikuwa kamili. Kadi ya gari ilipotoka ina jina langu, na jina hilo alilitamka vizuri kabisa alipokuwa ananikabidhi.

Jioni nikampigia mume wangu, Baba Nasra, huko Kigoma. Nilimsimulia mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ningekuwepo asingethubutu."

Alisema kwa mapenzi, namjua. Lakini nilipokata simu niligundua kwamba kauli yake imeniuma pale palipouma ya yule bwana. Baba Nasra ni mwalimu wa Jiografia, hajawahi kushika usukani, taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi ananiuliza mimi. Angekuwepo Jumanne angekaa kando yangu akayarudia maneno yangu, na yangesikika. Nilitaka aniambie kwamba hilo linamkera. Yeye aliona kosa ni kutokuwepo kwake.

Sijamwambia. Yuko mbali, ana mitihani ya kusahihisha, na wiki hii ambayo wifi yangu amejifungua pacha kwa upasuaji na mimi nimeona jina langu kwenye orodha ya waliopandishwa daraja, haikuwa wiki ya kununiana kwenye simu.

Nikampigia Baba, Muheza. Kwa wageni: Baba ameendesha malori ya mkonge miaka mingi, na mimi ndiye mtoto aliyekuwa anapanda naye mbele. Nilipoanza kumweleza ya "mlete mzee" akanikatiza.

"Linagonga likiwa la moto au la baridi?"

"La moto."

"Ukiweka rivasi je?"

"Rivasi halina shida sana."

"Haya. Umeangalia ubavuni mwa mlango wa dereva, pale unapofungia? Na chini ya boneti? Wale wenzetu wa Japani wana tabia ya kubandika karatasi wakibadilisha oili. Ukiikuta usiibandue."

Hakusema neno lolote kuhusu yule mtu. Aliuliza habari za gari kwa mtu anayelijua gari, basi. Sijui kama alijua alichonifanyia, ila nilitoka nje na tochi usiku uleule, nikiwa na khanga na ndala, na moyo umeshapoa kidogo.

Mlangoni palikuwa pamesuguliwa, gundi tu imebaki. Lakini chini ya boneti, kwenye bati la mbele, nyuma ya bomba la maji ambapo mkono wa aliyesafisha haukufika, kipo. Kibandiko kidogo cheupe chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu za wino: 29.6.12, na chini yake 128,540.

Nilikaa nacho hadi karibu saa sita. Hiyo 29 ni mwaka wa enzi ya Heisei (Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao), iliyoanza 1989 na kuisha Aprili 2019 alipong'atuka Mfalme Akihito. Heisei 1 ni 1989, kwa hiyo Heisei 29 ni 2017. Juni 12, 2017, gari hili lilibadilishwa oili likiwa limetembea kilomita 128,540. Mimi niliuziwa likiwa linasoma elfu sabini na moja. Na kilomita hizo elfu sabini na moja ziko kwenye mkataba, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa sababu nilimwomba aziandike na akaandika akicheka.

Nilipiga picha kwa pembe zote, kipimo cha dashibodi kikiwa kwenye fremu na namba ya chesisi pia. Halafu nikaendelea kusoma. Kule Japani gari binafsi jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita za siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti. Gari likiuzwa nje hutolewa cheti cha kufutiwa usajili, na hicho ndicho kinachofuatana nalo hadi bandarini kwetu. Maana yake yadi inacho, au ilikuwa nacho. Mtu anayetaka kununua naomba alisikie hili hata kama mengine yote atayaruka: omba nakala ya cheti hicho na karatasi ya mnada (ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani) kabla hujatoa shilingi. Akikwambia vimepotea, aga uende zako.

Alhamisi nilikuwa na mapumziko. Nikaandika notisi ya madai, kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida: nini niliuziwa, nini nilielezwa, nini kimekutwa, nataka nini, ndani ya siku kumi na nne. Nataka achukue gari anirudishie hela, au alipe gia boksi na ufundi na tofauti ya thamani. Kijana wa risiti alikataa kusaini nakala, akasema bosi amekataza wasipokee chochote kutoka kwangu. Nikaituma kwa EMS ya Posta, stakabadhi ninayo. Kisha nikachukua nakala, picha, ripoti ya fundi, mkataba na ile risiti yao iliyopigwa muhuri wa BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, nikaenda kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Huo muhuri ndio ulionitisha kwa wiki kadhaa, niseme ukweli. Niliamini umefunga mlango. Afisa aliyenipokea, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliutazama akaupita. Aliniambia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu, na muuzaji hawezi kugonga muhuri akajivua uongo aliousema. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyo ya zamani kuliko sisi sote, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo.

Lakini siyo hayo ya sheria yaliyonifanya nitoke pale nikitembea kama nimevuliwa mzigo. Ni pale mwanzo, aliposhika kalamu.

"Gari limesajiliwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Aliyelipa?"

"Mimi."

"Aliyekuwa anaendesha lilipoanza kusumbua?"

"Mimi."

"Basi nieleze wewe, taratibu, tangu mwanzo."

Nikaeleza. La baridi, la moto, N kwenda D, mlima, oili. Maneno yaleyale ya Jumanne, sikuongeza hata moja. Aliandika yote. Mahali fulani alininyooshea mkono nisubiri, akaniuliza kugonga ni mara moja au mfululizo, nikajibu, akaandika na hilo. Kwenye nafasi ya mlalamikaji akaandika majina yangu yote matatu kwa herufi kubwa. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja amekumbatia jokofu dogo.

Sasa sikilizeni. Jana magharibi simu ikalia, namba ya yadi. Mwenyewe. Sauti ya siku ya soda imerudi: dada angu, haya mambo madogo, kwa nini tufikishane huko, njoo tu tuyamalize. Nikamwambia vizuri, aandike anachokubali kulipa, asaini, anitumie. Akasema, "Sasa shemeji anasemaje?" Nikamwambia shemeji yuko Kigoma anasahihisha mitihani, na barua aliyopokea imesainiwa na mimi. Akasema atanijibu Jumatatu.

Siwezi kusema nimeshinda. Gari bado linagonga, naliacha nyumbani napanda daladala, na kesho saa kumi na moja nitakuwa kituoni. Siku kumi na nne zikipita kimya naendelea mahakamani, nimeshauliza utaratibu. Ila nalitamani jibu lake kwa namna nyingine sasa. Siogopi tena kulisikia.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu, kwa kweli, ni binti yangu Nasra, aliye bweni. Matroni amenipigia mchana, anasema ni kama wiki mbili sasa hali chakula cha usiku, anakaa mezani na wenzake, anasogeza sahani. Siyo homa, wamempima malaria hana. Nilipoongea naye akasema, "Niko sawa mama, maharage tu yamenichosha," na sauti ilikuwa ya mtu aliyesimama karibu na mtu mwingine. Yuko kidato cha pili, mtihani wa taifa ni mwisho wa mwaka, na hajaniomba hela ya matumizi tangu wafungue. Nasra wa kuniomba hela kila Jumapili. Siku ya wazazi kutembelea ni Jumamosi ijayo na mimi nina zamu ya usiku Ijumaa. Nimemwandikia mwenzangu wa wodi kuomba tubadilishane, ameshaona ujumbe, hajajibu.