Nilivyofanikiwa kufuga kamba wekundu sebuleni

Hapa Mombasa kamba na uduvi hujulikana kwa mchuzi wa nazi, kwa hiyo mama mkwe wangu alipoliona tangi la kioo la lita 40 kando ya televisheni, ndani mkiwa na viumbe wekundu wenye urefu wa sentimita 2 hivi, aliniuliza kwa upole kama hao ndio kitoweo cha jioni. Nilimweleza kuwa hawa ni kamba wa maji yasiyo ya chumvi, asili yao Asia ya Mashariki, na kwamba wekundu wao umetokana na wafugaji kuchagua vizazi baada ya vizazi, kwani wa mwituni wana rangi hafifu ya kahawia. Hakuonekana kushawishika.

Wale aliowaona walikuwa kundi la pili. Kundi la kwanza, kamba 15 nilioletewa kutoka Nairobi, lilikwisha ndani ya siku tisa, kwa sababu niliwatia katika tangi nililolijaza maji siku moja kabla. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, nayo amonia ni sumu kwa kamba hata ikiwa kidogo. Safari ya pili niliweka mchanga, mimea na chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa, nikawa natia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili, nikangoja wiki sita bila kufuga chochote.

Hata hivyo, kundi la pili nalo lilianza kupungua, na safari hii kosa lilikuwa usafi wangu uliopita kiasi. Kila Jumamosi nilibadilisha nusu ya maji. Kamba hukua kwa kujivua gamba, na madini ya maji yakibadilika ghafla, gamba hupasuka vibaya; nilikuwa nikiwakuta wamekufa wakiwa na mstari mweupe umewazunguka nyuma ya kichwa, kana kwamba wamefungwa uzi. Sasa nabadilisha sehemu moja ya kumi tu kwa wiki, kwa maji ya bomba yaliyokaa ndooni siku mbili ili klorini itoke, nayo nayaingiza tone kwa tone kwa mpira wa dripu nilioununua duka la dawa. Maji yanayopungua kwa mvuke, ambayo si haba wakati wa joto la Machi, nayafidia kwa maji ya mvua, kwa kuwa mvuke huacha madini yote nyuma na kuongeza ya bomba kungeyarundika.

Kitu kilichowafaa kuliko chakula chochote cha dukani kimo uani: majani ya mkungu. Naokota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, nayachemsha dakika chache, kisha naliweka jani moja tangini. Maji hugeuka rangi ya chai hafifu, utando wa vijidudu hujijenga juu ya jani, na kamba hulitafuna taratibu mpaka baada ya wiki chache ibaki mishipa mitupu, nyembamba kama kazi ya darizi.

Pigo la mwisho sikulitarajia. Jioni moja mpwa wangu alipuliza dawa ya mbu ukumbini, na asubuhi niliwakuta kamba saba wamelala chali. Pampu ilikuwa imevuta hewa ile na kuipuliza majini usiku kucha, na dawa inayoua wadudu huwaua kamba pia, kwa kuwa ni ndugu. Tangu siku hiyo hapulizi mtu dawa nyumbani kwetu. Tunatumia chandarua, na aliyekigusa hatii mkono tangini kabla ya kunawa.

Waliosalia walikuwa watano. Mmoja wao, jike, alionekana akibeba mayai ya manjano chini ya tumbo, akiyapepea bila kuchoka, na siku ya 26 niliona kitu kama kipande cha uzi kikitambaa juu ya jani la mkungu. Vitoto vyao huzaliwa vikiwa na umbo kamili la wazazi, milimita 2 tu. Sasa nimeacha kuwahesabu, na jirani aliyeniomba 10 juzi nimemwambia kwanza alijaze tangi lake, aliwashie pampu, kisha anirudie baada ya wiki sita.