Juisi ya avoka siku kuran ilipokwenda

Mwisho wa Mei 2021 nyumba yetu ya Nguba, Bukavu, ilijaa watu. Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji wa Goma, ilikuwa imelipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22, lava ikateremka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma, kisha ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana. Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri kwamba mitaa kumi ya Goma ihamwe. Wengine walishika njia ya Sake kwa miguu, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, wa kwetu wakapanda boti kuja Bukavu. Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alishuka bandarini na mabinti zake, wajukuu, na sufuria moja kubwa ambayo alikuwa amekataa katakata kuiacha nyuma.

Mambo ya kulala tuliyamaliza upesi, magodoro chini na watoto kubanana. Chakula ndicho kilichotusumbua. Mjukuu mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa amegoma kula. Bugali hataki, sombe ya majani ya muhogo hataki, hata sambaza za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani, ambazo sijawahi kuona mtoto anazikataa, alisukuma sahani. Tena lori likipita barabarani na vioo vya madirisha vikacheza kidogo, alitoka mbio hadi uani bila viatu. Hakuna aliyemcheka.

Siku hiyo nilikuwa nimenunua avoka kwa mama mmoja wa Kabare, wale wanaobeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Nikasema nimtengenezee mtoto juisi. Nikatoa mikseri kabatini, nikaifuta vumbi, nikaichomeka ukutani. Kimya. Kuran, yaani umeme, ilikuwa imekwenda. Aliyezoea Bukavu hashangai, huanza tu kufikiria atapika nini kisichohitaji umeme. Nikawa narudisha mikseri mahali pake.

"Sasa unangoja nini?" Mama Mkubwa akauliza. "Mashine njo inakunywaka juisi?"

Akavuta kigoda, akaomba kikapu. Hakuziminya avoka kwa kidole gumba katikati ya tumbo kama tunavyofanya sokoni, tukiwaachia wenzetu matunda yenye madoa meusi. Kila moja aliilaza kiganjani, akabonyeza polepole karibu na kikonyo, halafu akakidokoa kikonyo chenyewe kwa ukucha. Kikibanduka bila kushurutishwa na chini yake pakawa na kijani safi, imeiva. Kikishikilia, bado. Zilizokuwa bado alizirudisha kikapuni. "Hizi zilale na ndizi," alisema, na mimi nikaenda kuzitafutia ndizi.

Kisha akataka chekeche langu la unga na mwiko. Alizipasua avoka, akatoa kokwa, akakwangua nyama na kijiko bila kugusa sana ile sehemu ngumu iliyoshikamana na ganda. Kitu cha kwanza kilichoangukia juu yake ni ndimu, kabla hata ya kuponda. Avoka ikikutana na hewa huanza kuwa kahawia, na ukali wa ndimu huchelewesha jambo hilo. Watu huacha kokwa ndani ya bakuli wakiamini italinda rangi. Kokwa hulinda pale tu ilipokaa.

Alisukuma nyama ile kwenye chekeche kwa mgongo wa mwiko, akizungusha. Chini ilitoka laini, ya kijani iliyokaribia njano. Juu zilibaki nyuzi nyembamba za kahawia na vipande vidogo vigumu, vile ambavyo mikseri huvikatakata na kukuachia uvigundue kooni. Huku akizungusha, alikuwa anasimulia mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002. "Ile ilikula mji wenyewe. Hii iliishia Buhene." Hakuinua macho.

Binti yangu akaleta maziwa, yametoka kwenye makaa sasa hivi, yanafuka mvuke. Akarudishwa nayo. Avoka ikishikwa na moto inakuwa chungu, na sukari ya duka zima haitaificha. Tukangoja yapoe. Sukari ikakorogwa humo kwanza hadi ikayeyuka, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ndipo Mama Mkubwa akaanza kuyaingiza kwenye avoka, vijiko vichache tu mwanzoni, anakoroga mpaka yanapotea, anaongeza tena, kama mtu anayeanzisha uji. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunamimina maziwa yote mara moja, halafu tunakimbizana na madonge.

Mmoja wa mabinti zake alipendekeza nanasi la Idjwi, maana lilikuwepo mezani. Mama Mkubwa akamkatalia. Nanasi bichi na maziwa vikikaa pamoja huleta uchungu, na kwa watu wengi kama sisi juisi ingekaa.

Mtoto alipewa kikombe cha plastiki. Alichovya ulimi, akatuangalia mmoja mmoja, akanywa. Lori likapita. Alitoka mbio uani kama kawaida yake, ila safari hii na kikombe mkononi, na aliporudi kilikuwa kitupu, masharubu ya kijani hadi puani. Mama yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye boti.

Kuran ilirudi usiku. Kwa ubishi wangu nilitengeneza nyingine kwa mikseri, avoka zilezile, maziwa yaleyale. Ilitoka nyepesi, imejaa povu, na povu liliposhuka kikombe kikabaki na pengo la vidole viwili. Si mbaya. Ila ile ya chekeche ilikuwa nzito, unaisikia ikishuka.

Walirudi Goma mwezi wa Juni, iliporuhusiwa. Chekeche langu lilikwenda nao. Nilipompigia simu kuliulizia, Mama Mkubwa alinijibu kwamba sokoni Kadutu hakujakosekana chekeche, niende nikanunue lingine, na nisichukue la matundu makubwa.