Nilivyowaaga ndege wa pwani pale Msangamkuu

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Kuanzia Oktoba hadi Januari magunia yanaingia mfululizo, kwa hiyo ndege wahamao wanapowasili pwani yetu ya Mtwara mimi niko kwenye mizani. Nafasi yangu huja Machi na Aprili, wakati wa tanga mbili, kaskazi limelegea na kusi halijashika. Huo ndio wakati wao wa kurudi kwao kutaga. Huko Ulaya na Siberia ni majira ya kuchipua, huku kwetu masika inaishia.

Miaka mitatu nilitamani kuwaona wakiondoka, nikashindwa. Mwaka 2025 nilifanikiwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa la saa. Nilikuwa navuka na pantoni asubuhi, pamoja na akina mama waendao kuchokoa pweza, nafika Msangamkuu maji yamekupwa kabisa. Nilidhani ndio wakati wenyewe, maana ndege wanakula. Kweli wanakula, lakini wametawanyika hadi ukingoni mwa mwamba, na mvuke wa joto unacheza mbele ya darubini mpaka kila ndege anakuwa doa linalotetemeka. Nikiwasogelea, wanaruka wanatua mbali zaidi. Narudi nyumbani nimechomwa na jua, kwenye daftari nimeandika "vitwitwi wengi" basi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja niliyemkuta akirudi na ndoo yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama akiniangalia nilivyotota hadi magotini.

"Mjukuu wangu, unawafukuzia nini hao?"

"Nataka kuwaona vizuri, bibi."

"Basi kaa chini. Maji yenyewe yatakuletea. Njoo siku za bamvua, jioni."

Nilikuwa nikijua bamvua na maji mafu tangu utoto, ila sikuwahi kuyahusisha na ndege. Siku za maji mafu maji hayapandi sana, kwa hiyo ndege hubaki na sehemu nyingi za kusimama. Bamvua ni kitu kingine. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa kwetu hupita mita 3, na mwamba wote huzama. Ndege wa kilomita nzima ya ufuko husukumwa mpaka kwenye ulimi mmoja wa mchanga. Uzuri wa pwani yetu ni kwamba bamvua hujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Ukikaa na jua mgongoni, umetulia, wanakuja wenyewe mpaka unaona miguu.

Tangu hapo sikutoka bila kuangalia mwezi na jedwali la maji. Nilikuwa nafika saa tisa, kabla yao, nakaa chini ya mkoko na kanga kuukuu mabegani. Kuhesabu kulinisumbua kwa sababu hawatulii. Nikaanza kuweka korosho ghafi mfuko wa kulia, na kila ndege kumi nahamishia moja mfuko wa kushoto. Macho hayaachi darubini, vidole vinahesabu.

Jambo lililonichelewesha zaidi lilikuwa rangi. Mwishoni mwa Machi niliona ndege wawili wadogo, kifua na tumbo vyekundu kama tofali la kuchoma, katikati ya vitwitwi wa kijivu. Nikafurahi kwamba nimepata aina mpya, nikaiingiza kwenye eBird, ile programu ya Cornell ya Marekani ambako watu huweka rekodi za ndege, kwa jina la ndege mwekundu niliyemwona kitabuni. Mhakiki akaniandikia kwa upole akiomba picha au maelezo ya kiuno na mdomo. Sikuwa navyo, nilikuwa nimeangalia wekundu peke yake.

Nilirudi nikakaa nao saa mbili. Mdomo wa wale wekundu umepinda kidogo kuelekea chini, na wakiruka kiuno ni cheupe. Nikaangalia wale wa kijivu: mdomo huohuo, kiuno kilekile. Kulikuwa na mmoja wa katikati, mgongo wa kijivu, kifuani madoa mekundu kama aliyemwagikiwa mchuzi. Wote ni ndege wa aina moja, Calidris ferruginea, wanaotaga kaskazini kabisa mwa Siberia, nao walikuwa wanavaa nguo za kwao kabla hawajaondoka. Nilifuta ile rekodi nikaandika upya. Miaka yote nilikuwa nawaona wakiwa wa kijivu, sikujua wanaanza kubadilika wakiwa kwetu. Ukijua hilo unaweza kukadiria nani yuko karibu na safari: mwekundu aliyenona, tumbo limejaa mafuta ya njiani, ndiye wa kwanza kwenda.

Jumanne tarehe 15 Aprili, siku mbili baada ya mwezi mpevu, upepo ulikuwa umegeuka tangu asubuhi, unavuma kutoka kusini. Maji yalijaa. Korosho 23 zilikuwa zimehamia mfuko wa kushoto. Pembeni walisimama wanne wa wale weupe na weusi, wenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola. Hao hawaendi Siberia. Hutaga pwani za Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, tena ndani ya shimo wanalochimba mchangani, yai moja tu jeupe. Ukiwaona Msimbati au Msangamkuu, mtazame mmoja akimshughulikia kaa, ampige chini mpaka miguu ya kaa itawanyike.

Jua lilipokaribia kuzama, wekundu kama arobaini walianza kuitana. Hawakula tena, walikuwa wanatembea huku na huku, vichwa juu. Wakaruka, wakazunguka, kumi hivi wakarudi kutua. Waliobaki hewani hawakukaa chini chini juu ya maji kama siku zote. Walipanda, wakajipanga mstari uliopinda, wakaelekea kaskazini juu ya bahari na kusi likiwasukuma mgongoni. Nilisikia sauti zao hata baada ya darubini kuwapoteza. Nilibaki nimesimama, mkono mfukoni, sikumbuki nilisimama lini.

Kwa mwenzangu anayetaka kujaribu, asingoje Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ile ya Jumamosi ya pili ya Mei. Kwetu wakati huo wengi wameshakwenda. Shika bamvua mbili za Aprili.

Bamvua iliyofuata, tarehe 29, nilirudi. Sululu mmoja mwenye mdomo kama mundu, na vitwitwi tisa, wote wa kijivu. Bibi alipita na ndoo yake.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda, bibi. Hawa ni watoto wa mwaka jana, hawajabadili nguo."

Akawaangalia kidogo. "Basi tutakaa nao kusi lote."