Nilivyoielewa siasa ya uchumi kwa kufuata korosho

Nilipoanza kusoma siasa ya uchumi wa dunia, nadharia zilinielemea. Dola (yaani serikali na vyombo vyake), soko, jamii: kila mwandishi anavipanga anavyojua. Nikaamua kushika zao moja, nilifuate toka shambani hadi melini, na kila hatua niulize: hapa bei inapangwa na nani? Nilichagua korosho kwa kuwa mjomba wangu analima Newala.

Mjomba alinianzishia kwenye makaratasi yake ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Bei ya mnada iko juu, chini yake makato yamepangana: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, ushirika. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Hapo ndipo nilipoona kwamba soko hili lina mwenye kulijenga. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa risiti na kungoja iuzwe mnadani, uliingia Mtwara mwaka 2007, na kabla yake wachuuzi walipita mlango kwa mlango. Kangomba, wachuuzi wanaonunua nje ya mnada, nao hawajaisha, maana mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kungoja mnada.

Kisha nikaenda upande wa wanunuzi. Korosho yetu nyingi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, viwanda vya kubangua viko huko. Nguvu yetu ni kalenda: sisi tunavuna kuanzia Oktoba, wakati mavuno ya Afrika Magharibi na ya kwao wenyewe huanza takriban Februari. Jambo hili dogo lilinieleza bei kuliko sura nzima ya kitabu.

Msimu wa 2018 ndio uliofungua kila kitu. Juni, Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa kuuza korosho ghafi nje. Ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kuendeleza zao ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Oktoba, bei ya dunia imeshuka, wakulima wakazikataa bei za mnadani. Novemba, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba.

“Sisi ndio tuliosema hatuuzi, mpwa wangu,” mjomba aliniambia, “hayo mengine yalifuata.”

Kauli hiyo niliiweka katikati ya insha yangu. Wakulima walikataa, dola ikaingia, lakini mlaji wa mwisho yuko ng’ambo na amri ya hapa haimfikii. Serikali ikabaki na shehena ya kutafutia mnunuzi. Nguvu tatu, kila moja na mpaka wake. Nadharia nilizisoma upya baada ya hapo, zikakaa.

Sasa nafuata mbaazi. Agosti 2017 India iliwekea mbaazi za nje kikomo, bei ikaporomoka huku kusini, na mkulima wa Masasi hakuwa na mnada wowote wa kugomea.